Wasomaji Wauliza: Sanamu za Zamani Kando ya Reli

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu video ya zamani ya mashua ya watalii katika bustani ya burudani ya Disneyland, Marekani. Mashua inapita mbele ya sanamu za watu weusi waliovaa majani na kushika mikuki, nao abiria wanacheka. Kisha akanionyesha video ya karibuni, na watu wale hawapo tena. Yeye alifurahi, lakini mimi nilisita, kwa kuwa nimefundisha Historia maisha yangu yote na sipendi kuona kitu cha zamani kikifutwa. Hapa kwetu, pale Kalenga, tumehifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa ingawa ni kumbukumbu yenye uchungu. Kwa nini wao wasihifadhi vya kwao? — *Msomaji, Gangilonga, Iringa*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Video uliyoonyeshwa ni ya safari iitwayo Jungle Cruise, ambayo ilikuwapo tangu siku Disneyland ilipofunguliwa mjini Anaheim, California, Julai 17, 1955. Mashua zenye majina kama Congo Queen, Nile Princess na Zambezi Miss hupita katika mto wa kuchimbwa, zikifuata reli iliyozama katika maji yanayotiwa rangi makusudi ili abiria wasiione, huku nahodha akisimulia kwa kipaza sauti. Wabunifu wake walichota mengi katika filamu ya mwaka 1951 iliyohusu safari ya mashua katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, yaani katika nchi hii hii tunamoandikiana, ingawa mto wenyewe umeziunganisha Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kana kwamba ni kata tatu za wilaya moja.

Jambo la kwanza ambalo Historia yenyewe inatuambia ni kwamba safari ile haikuwahi kukaa kama ilivyoanza. Mwanzoni maelezo ya nahodha yalikuwa ya kuelimisha, karibu ya darasani. Vichekesho viliingia kwa wingi miaka ya 1960 alipoletwa Marc Davis, mchoraji wa filamu za katuni, ambaye mwaka 1962 aliongeza kundi la tembo wanaooga na mwaka 1964 akaongeza msafara wa mwindaji Mzungu na wapagazi wake weusi wakiparamia mti kumkimbia kifaru. Walt Disney mwenyewe ndiye aliyetaka mabadiliko hayo, na alizoea kusema kwamba bustani yake haitakamilika kamwe. Kwa hiyo anayedai kwamba mwaka 2021, sanamu zile zilipoondolewa, kitu cha asili kiliharibiwa inambidi kwanza atuambie ni asili ya mwaka gani anayoitetea.

Linalonishughulisha zaidi ni namna onyesho la aina hii linavyofanya kazi. Abiria hakai mbele ya sanamu; anapitishwa. Ana sekunde chache tu za kutambua nani ni nani, nani yuko mashakani na kichekesho kiko wapi, kabla mashua haijakata kona. Davis alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana picha zake zinaeleweka kwa kutupa jicho mara moja. Lakini picha inayoeleweka kwa haraka namna hiyo haimfundishi mtazamaji chochote. Inategemea kile alichokwisha kukiamini kabla ya kupanda. Mmarekani wa mwaka 1964 alipomwona mtu mweusi mwenye mkuki alijua papo hapo kwamba anatakiwa aogope kidogo kisha acheke. Mjukuu wako alipoiona picha ile ile alijiuliza kwa nini anachekwa mtu anayefanana na babu yake. Onyesho lilikuwa limeharibika kwa maana ya kiufundi kabisa, kama ambavyo lingeharibika kwa injini kufa, kwa kuwa halikuweza tena kumpa abiria kile lilichojengwa limpe.

Kalenga ni jambo jingine. Pale mgeni anasimama, anauliza, anaelezwa kwamba fuvu lilichukuliwa baada ya Mkwawa kufariki mwaka 1898, kwamba lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles, na kwamba Gavana Edward Twining alilirejesha mwaka 1954. Uchungu unapewa muda na maelezo, na wala hakuna anayeambiwa acheke. Sanamu za Jungle Cruise nazo zikiwekwa katika jumba la makumbusho, na mtu wa kuzieleza, mimi nitakuwa wa kwanza kulipa kiingilio. Kuziacha zikirusha mikuki mbele ya watoto wanaokula bisi si kuhifadhi.

Hata hivyo sisemi kwamba kazi ya mwaka 2021 ilifanywa vizuri yote. Kwenye mti wa kifaru sasa wapo wasafiri wa mataifa mbalimbali, na hilo linachekesha kama zamani kwa sababu kichekesho kilikuwa kifaru tangu awali. Lakini pale walipoondolewa wacheza ngoma, wenye mikuki na yule mzee muuza vichwa vya watu vilivyokaushwa, hawakuwekwa wakazi wengine wa mto. Liko duka la vichekesho na wako sokwe walioteka mabaki ya mashua. Matokeo yake ni mto wa Afrika usio na Mwafrika anayeishi kando yake, avue samaki au auze ndizi. Tusi limeondoka, na mwenye nyumba ameondoka nalo.

Linganisha na safari ya maharamia, Pirates of the Caribbean, iliyofunguliwa mwaka 1967, miezi michache baada ya Walt Disney kufariki. Humo maharamia waliwanadi wanawake mnadani, na mmoja wao mwenye nywele nyekundu alikuwa amesimama mbele akipigiwa kelele. Mwaka 1997 walianza kwa kurekebisha sehemu nyingine ya safari hiyo, ambako maharamia waliwakimbiza wanawake. Wakawapa wanawake sinia za chakula mikononi, ili ionekane kwamba kinachowindwa ni chakula. Ulikuwa ujanja wa kupaka rangi juu ya ufa, nao haukumdanganya mtu. Mwaka 2018 walifanya kazi ya kweli. Mnada ulibaki, dalali alibaki, lakini kinachonadiwa ni mali iliyoporwa kwa wenyeji, naye yule mwanamke wa nywele nyekundu amekuwa haramia mwenye bunduki anayeusimamia mnada. Wapenzi wa zamani walilalamika sana, lakini yupo pale pale, na nywele zake ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anayemwogopa mwenzake. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko ile ya sokwe.

Nawe, Mwalimu, usiwe na hofu kuhusu kumbukumbu. Ile video iliyo kwenye simu ya mjukuu wako ni kumbukumbu tosha, na tayari imeanzisha somo sebuleni kwako.

SWALI: Nimesikia kwamba kuna safari nyingine iliyokuwa na Sungura mjanja, nayo imebadilishwa. Sungura ana kosa gani? — *Mwanafunzi, Njombe*

JIBU: Hana kosa lolote, na hapa nakiri upendeleo. Safari hiyo, Splash Mountain, ilifunguliwa Disneyland mwaka 1989, ikatumia wanyama wa filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa tangu ilipotoka kwa kuyapamba maisha ya watu weusi katika mashamba makubwa ya kusini mwa Marekani. Lakini ngano zenyewe ni za Wamarekani weusi, zilizosimuliwa tangu enzi za utumwa, nazo ni ndugu wa hizi za Sungura tulizosimuliwa na bibi zetu. Mwaka 2020 kampuni ya Disney ilitangaza kuibadilisha, na mwaka 2024 ilifunguliwa upya katika bustani zake za Florida na California kwa jina la Tiana's Bayou Adventure, ikimfuata binti mweusi wa New Orleans. Tokyo bado wanayo ya zamani. Filamu ilistahili kuachwa, ila Sungura alilipia deni lisilo lake.

SWALI: Nina eneo la michezo ya watoto nje kidogo ya Uyole. Kuna kijitreni kinachovutwa na trekta dogo, kinachopita katikati ya sanamu za saruji tulizozikuta tuliponunua eneo: mwindaji wa Kizungu mwenye bunduki, wapagazi, mganga mwenye mfupa puani, na chungu kikubwa ambamo mtu anapikwa. Wazazi wa shule fulani wamelalamika. Fedha ya kuvunja zote sina. Nianzie wapi? — *Msomaji, Mbeya*

JIBU: Anzia kwa dereva wako. Maneno anayoyasema kwenye kipaza sauti hayagharimu hata mfuko mmoja wa saruji, na huenda nusu ya malalamiko yanatoka hapo. Panda kijitreni mwenyewe, kaa kwenye benchi la watoto, inama hadi usawa wa macho yao, usikilize wanacheka wapi na wanamcheka nani.

Kisha piga picha kila sanamu pande zote kabla fundi hajaigusa, na uandike tarehe nyuma ya picha.

Chungu nakionea wivu, kwa sababu ni kikubwa na mtoto hawezi kukikosa hata treni ikienda kasi. Mtoe mtu aliyemo, kiache chungu, na kando yake mjengee mama mfinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe, akiwa ameketi na vyungu vyake kama vinavyoshushwa sokoni Matema. Watoto watataka kucheka, kwa hiyo weka mbuzi aliyekwama kichwa ndani ya chungu, miguu ya nyuma ikiwa hewani. Mbuzi wa saruji juu ya wavu wa waya hamshindi fundi yeyote anayejenga matangi.

Wapagazi usiwabomoe. Wabadilishie mizigo iwe magunia ya viazi na mikungu ya ndizi, waongezee nyuso zenye tabia, kwa maana sasa ni wafanyabiashara wanaokwenda sokoni na mzigo ni wao. Mwindaji wengi hupenda kumpokonya bunduki na kumpa kamera. Mimi naona kamera hiyo ichukuliwe na tumbili aliye juu ya kofia yake. Mganga ndiye wa kuvunja. Sijapata kumwona mganga wa Mbeya mwenye mfupa puani, wala sidhani kwamba aliyemchonga aliwahi kumwona.

Pangilia kazi yote kati ya Juni na Julai mwishoni, ili uwe tayari kabla ya wageni wa Nane Nane kuanza kumiminika. Saruji iache ikauke kwa wiki kadhaa kabla ya kupaka rangi ya mafuta, kwa kuwa kwa baridi ya Uyole hukauka polepole, na rangi iliyopakwa juu ya saruji mbichi huanza kubabuka mara mvua za Novemba zinapoingia.