Naishi Moshi, kazi Arusha: nipande treni?

*Shikamoo dada. Mi ni fundi umeme wa magari, nimepata kazi gereji moja pale Sanawari Arusha, naanza tarehe moja. Familia iko Pasua hapa Moshi, mke anauza mitumba Memorial na wateja wake hawezi kuwaacha, mtoto ndo kwanza kaanza darasa la kwanza. Watu wananiambia nisihangaike kuhama, nipande treni asubuhi nirudi nayo jioni, nauli ndogo, na reli haina matrafiki. Jamaa mmoja kaapa kabisa kwamba treni inapita Moshi asubuhi kuelekea Arusha. Nifanyeje?*
*– Fundi, Pasua*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Huyo jamaa hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari. Treni ipo kweli, abiria walirudishiwa Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020 baada ya miaka mingi ya reli kuota majani, watu wakajaa stesheni kupiga picha na mimi nilikuwepo. Lakini hiyo ni treni ya Dar. Inatoka Dar, inalala njiani, inakuja kumalizia Arusha, na haipiti kila siku, ni safari chache tu kwa wiki. Sasa hata saa zingekuwa zinakufaa, siku hazikufai, bosi hawezi kukuelewa ukimwambia leo sijaja kwa sababu leo siyo siku ya treni. Na ikichelewa huko Korogwe au Same wewe unaumia Moshi, umekaa kwenye benchi na begi lako la spana, njia ni moja kwenda na kurudi kwa hiyo lazima zisubiriane kwenye stesheni za kupishana.

Tena reli yenyewe haikujengwa kwa ajili ya mtu kuwahi kazini. Mjerumani aliivuta kutoka Tanga mpaka Moshi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza akaja kuifikisha Arusha 1929, hesabu yao ilikuwa mkonge na kahawa zifike bandarini, fundi wa Pasua hawakumuwaza. Treni ya wafanyakazi ni kitu kingine kabisa. Waliokaa Dar wanaijua ile treni ya mjini waliyoiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliyoanza 2012, inaenda inarudi asubuhi, inaenda inarudi jioni, ukikosa moja unasubiri nyingine. Mi naona hilo ndo swali la kuuliza kabla ya kuuliza spidi wala nauli: nikiikosa hii, ijayo ni saa ngapi? Kwako wewe ijayo ni siku nyingine.

Halafu kuna stesheni ya Arusha yenyewe, iko chini huko upande wa Unga Ltd, we unataka Sanawari, juu barabara ya Moshi. Utashuka kwenye treni na bado udandie kitu kingine cha kukuvusha mji mzima. Kosta au noah ya kutoka Moshi inakupitisha mlangoni, unamwambia konda "Sanawari shusha" basi.

Kwa hiyo ni barabara. Ni kilomita kama 80 hivi na kwenye makaratasi hazitishi, ila anayezipiga kila siku anajua saa haziliwi na mwendo, zinaliwa stendi. Unafika alfajiri, konda anakushika mkono "mmoja tu tunaondoka", unaingia unakuta waliomo ni wanne na mmoja wao ni mpiga debe, akisikia gari limekaribia kujaa anashuka anaenda kujaza lingine. Mkiondoka ndo zinaanza vibao vya 50 kila penye makazi, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, na trafiki haendi likizo. Kuanzia Tengeru barabara ni njia nne kwa hiyo mnapumua kidogo. Ushauri wangu zoea gari moja na dereva mmoja, chukua namba yake, wengi wana wateja wao wa kila siku na anakuwekea siti, na jioni ndo muhimu zaidi maana gereji hakuna saa ya kutoka, mteja akija na gari haliwaki saa kumi na moja we ndo basi tena.

Hesabu nayo piga yote. Chukua nauli ya kwenda na kurudi, ongeza bodaboda ya Pasua mpaka stendi alfajiri na usiku, ongeza chai ya njiani kwa sababu nyumbani utatoka hujala, zidisha siku 26. Weka pembeni ya kodi ya chumba kimoja Arusha. Mi nahisi chumba kitashinda, upange miezi mitatu ya mwanzo, uende Moshi Jumamosi jioni urudi Jumatatu alfajiri, mpaka ujue kazi yenyewe ina mguu. Ikishika, kaeni chini wewe na shemeji muongelee Boma Ng'ombe. Yeye Memorial anafika mapema tu, we unakuwa umeshakata kipande cha safari, na magari ya kwenda pande zote mbili yanapita hapo kutwa nzima. Ila usimwamulie, biashara ni yake.

Treni ipande mkienda Dar na familia na mizigo. Hapo ndo utamu wake.

*Dada habari. Kijana wangu kapata kazi Dar anasema atapanga Morogoro awe anaenda na SGR kila siku. Hili nalo ni ndoto?*
*– Mama wa Sakina, Arusha*

Nzuri dada yangu. Hili siyo ndoto, ila ni ghali. SGR ya Dar na Morogoro ilianza Juni 2024, inatumia kama saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000, kwa siku 22 za kazi ni 572,000. Muulize mshahara ni shilingi ngapi kwanza. Na zile saa mbili ni za ndani ya treni tu, stesheni ya Morogoro iko Kihonda siyo mjini, unatakiwa ufike mapema, mabegi yapite kwenye mashine, kitambulisho mkononi, na akishuka Dar bado kuna foleni ya kwenda ofisini. Kama ofisi iko karibu na Stesheni na anaenda siku mbili tatu kwa wiki, hapo nitamuunga mkono. Kama iko Tegeta, mama, mwambie atafute chumba Tegeta.