Jibu: Seli nusu zinawaka, nusu kimya. Nimekosea wapi?

Habari mkuu. Unasema umeweka TNF kidogo (protini inayopeleka ishara ya uvimbe kwa seli), na kwenye hadubini ni kama nusu tu ya seli ambazo NF-kB, protini inayowasha jeni, imeingia kwenye kiini, yaani zimewaka. Kwanza kagua kama ulichanganya vizuri. Mimi kutochanganya kuliwahi kuniponza, upande mmoja wa kishimo cha sahani ya seli ukang'aa wote. Ila kama zinazowaka zimetawanyika ovyo, hujakosea. Kila seli ina kizingiti chake, yaani dozi ndogo kabisa inayoiwasha, na jibu lake ni karibu ndiyo au hapana. Ukiongeza dozi, zinazoitikia zinaongezeka, kwa hiyo jibu la tishu nzima linapanda taratibu. Zingefanana zote, ingekuwa swichi tu: kimya, halafu kelele! Usitoe wastani wa sahani. Hesabu seli mojamoja kwa kila dozi, angalau dozi tano.