Jibu: Kiangazi Hamburg, watoto wamechoka bustani ya wanyama

Salaam dada. Nimekuelewa: watoto wa miaka 5 na 9, bustani ya wanyama na bwawa la kuogelea vimewachosha, nawe unauliza uwapeleke wapi kiangazi hiki. Wapeleke Cuxhaven, mji wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, wakatembee kwenye sakafu ya bahari maji yakitoka.

Kwanza kabisa angalia jedwali la maji kupwa na kujaa la siku hiyo, hata kabla ya tiketi ya treni. Sisi mara ya kwanza tulifika maji yamejaa, tukaishia kula aiskrimu ufukweni kwa muda wa saa tano nzima!

Ingieni pale Duhnen, mtaa wa ufukweni wa Cuxhaven, maji yakiwa bado yanatoka, mgeuke kabla hayajaanza kurudi, maana yanajaza mifereji nyuma yenu kwanza. Ukiona ukungu, ahirisha. Viatu vizito vinanasa topeni na miguu mitupu inachanjwa na makombe ya baharini; soksi kuukuu zinatosha. Wangu walichuchumaa nusu saa wakichimbua vile vivimbe vya mchanga kama tambi, kumtafuta mnyoo aliyevinya.

Kutembea hivyo hadi kisiwa cha Neuwerk ni takriban kilomita 10, huyo wa miaka 5 hawezi. Sisi hatujawahi kufika kwa miguu. Mkikitaka, tafuteni kiongozi wa matembezi hayo.