Kabla ya kununua kadi ya FPGA, angalieni nani kashika kufuli

Mkuu, umesema miamala yenu inakwama kila mwisho wa mwezi huku prosesa za seva zikiwa hazina kazi, na unauliza kama kadi ya FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe kwa kazi maalumu) itawaokoa. Nipo kwenye mifumo ya malipo hapa Dar. Ushauri wangu: msinunue bado.

Prosesa kukaa bure ndiyo dalili kubwa. Miamala inasubiriana. Kwetu mishahara ikitoka watu walikuwa wananunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa mkupuo, na kila malipo yaligusa salio la akaunti moja ya makusanyo, yaani mstari mmoja kwenye databesi. Tulipofuatilia tukakuta muamala unashika kufuli la mstari ule (haki ya kuubadilisha peke yake, wengine wasubiri), unakwenda kuuliza mfumo wa nje, unangoja jibu, ndipo unaachia. Hizo ni milisekunde kwa mamia. Kadi inayookoa maikrosekunde ingesaidia nini hapo?

Tukaligawa zoezi: kwanza tunazuia fedha ya mteja na kufunga muamala, tunauliza nje bila kushika kufuli lolote, halafu muamala mwingine mfupi unamalizia. Makusanyo nayo kila ingizo likapata mstari wake, jumla inapigwa baadaye. Hili linafaa kwa akaunti inayopokea tu. Inayokatwa, kama floti ya wakala, lazima salio lihakikiwe papo hapo.

Maunzi yenyewe nayaheshimu sana. Watafiti Herlihy na Moss walipendekeza kumbukumbu ya kimiamala, yaani prosesa yenyewe kugundua migongano ya miamala kwenye kumbukumbu badala ya kutumia kufuli, mwaka 1993, na Intel wakaleta TSX, toleo lao la wazo hilo, mwaka 2013, ingawa mwaka uliofuata walilazimika kuizima kwenye prosesa kadhaa kwa sababu ya hitilafu. TSX inafuatilia data kwa vipande vya baiti 64. Miamala miwili ikigusa kipande kimoja na mmoja wao unaandika, kuna utakaotupwa nje uanze upya, na muamala mkubwa hauenei kabisa, hivyo kufuli la kawaida la akiba halikwepeki. Mgongano unagunduliwa haraka, lakini miamala yote bado inautaka mstari uleule.

FPGA ningeifikiria kama data yote iko kwenye kumbukumbu, miamala ni ya maikrosekunde, na kinachogombewa ni jedwali lenyewe la makufuli, yaani orodha ya nani kashika nini.

Kama mnatumia databesi ya PostgreSQL, siku ya mshahara endesheni pg_blocking_pids, amri inayoonyesha nani anazuia nani, kwa miamala inayosubiri, mwone anayezuia anafanya nini wakati huo. Leta majibu hapa tuyaangalie.