Darasa la watu 68 na kijana anayelala karibu na dirisha

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Mimi nafunza Kiswahili shule ya kutwa huku upande wa Ahero, Kisumu, mwaka wa nne sasa, bado nalipwa na bodi ya shule, TSC, ile tume ya serikali inayoajiri walimu, haijanichukua. Kidato changu cha tatu kina wanafunzi 68 na madeski yamebanana mpaka nyuma sifiki, kuna watoto sijawahi kusimama karibu nao tangu mwaka uanze. Nikitoa insha naenda nazo nyumbani kwa gunia, nazirudisha baada ya wiki tatu na hapo hata wenyewe wamesahau waliandika nini. Sasa kuna kijana mmoja hukaa mwisho kabisa karibu na dirisha, kila siku anafika kama nimeshaanza, miguu imejaa matope, na ikifika saa nane mchana analala. Wiki iliyopita nilimsimamisha nikamwambia mbele ya wote kwamba hana haja na shule. Hakunijibu kitu. Jioni mwenzake akanifuata akaniambia yule hufukuza ndege kwa shamba la mpunga kuanzia alfajiri ndio aje shule, akitoka anarudi huko mpaka giza, na hiyo ndio inamtafutia pesa ya lunchi. Tangu siku hiyo sina raha. Wenzangu stafu wanasema shida ya hawa watoto ni vile kiboko kilitolewa. Je, mimi nafaa hii kazi kweli?

JIBU: Madam, unafaa. Mtu asiyefaa angelala fofofo siku hiyo.

Wacha nianze na kijana ju ndiye amekukosesha raha. Ulimwaibisha mbele ya darasa zima, kwa hivyo usimwite pembeni umwombe pole ya kunong'ona, simama palepale mbele useme nilikosea kumsema mwenzenu bila kumuuliza, maneno hayo tu, alafu uendelee na somo. Nilifunza miaka 26, Bungoma kwanza kisha Nakuru, na mara moja tu ndio niliomba msamaha hivyo, kwa msichana niliyedhani ameiba kitabu cha mwenzake, na nakuambia darasa lile halikuwahi kunidharau baada ya hapo, nilikuwa nimeogopa bure.

Alafu muulize mpunga unavunwa lini. Hili ni muhimu. Ndege huvamia mpunga ukianza kutia maziwa mpaka uvunwe, hizo ni wiki chache, si mwaka mzima. Ukijua tarehe unaweza kupanga naye: wiki hizi asome nini saa nne asubuhi akiwa bado macho, na nini kingoje mavuno. Ongea na mwalimu wa darasa na mzazi pia, labda yuko ndugu wa kugawana naye zamu ya asubuhi. Hawa wa kidato cha tatu ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, KCSE yao, mtihani wa kumaliza sekondari, ni 2027 na nyuma yao wanakuja wa gredi ya kumi na mtaala mwingine kabisa, kwa hivyo akibaki nyuma sai hakuna darasa la kurudia.

Kuhusu kiboko, waambie wenzako kilipigwa marufuku tangu 2001 na sheria ya elimu ya 2013 ikakazia, lakini hata kingekuwepo kisingefukuza hao ndege.

Sasa hizo insha. Piga hesabu: insha 68, kila moja dakika nne, ni dakika 272, yaani zaidi ya saa nne na nusu kwa zoezi moja, na bado una madarasa mengine. Hakuna mwalimu anaweza, na si uvivu wako. Tangu 2018 serikali iliposema kila mtoto avuke kwenda sekondari watoto waliongezeka na madarasa yakabaki yale yale. Mimi naunga mkono wavuke wote, hata huyo wako wa dirishani bila hiyo pengine angebaki shambani. Kwa hivyo usisahihishe zote. Chukua 17 kwa wiki uzisome vizuri mpaka mwisho, baada ya wiki nne umemaliza darasa. Wale wengine wabadilishane daftari na waangalie kitu kimoja tu, labda aya ya kwanza, au nukta na koma. Insha ikirudi siku ya pili ikiwa na sentensi mbili za mwalimu inamsaidia mtoto kuliko ile ya wiki tatu iliyojaa wino mwekundu.

Ya TSC ni kuweka stakabadhi tayari na kuomba kila nafasi zikitangazwa.

Na madeski, wabaki na wewe dakika kumi jioni muyasukume yagusane na kuta za pande zote mbili, hata kama wengine watakaa wanne wanne, ili katikati ibaki njia ya kupita mtu mmoja. Somo la saa nane ulifunzie kutoka huko nyuma, karibu na dirisha.