Maswali ya Wasomaji: Minyanya Ndani ya Banda Kitalu

Swali: Ndugu wataalamu, nina banda kitalu la mita 6 kwa 10 nyuma ya nyumba, nimelifunika nailoni juu na pande zote. Minyanya imestawi na ina maua mengi, lakini karibu yote yanapukutika. Niongeze mbolea gani? – Msomaji, Kibaha

Jibu: Usiongeze yoyote kwanza. Tundika kipimajoto kivulini, usawa wa maua, ukisome saa nane mchana. Joto likizidi nyuzi 32 chavua huanza kuharibika, na ua lisilochavushwa hudondoka. Okota moja ulitazame: limekatikia kwenye kifundo cha kikonyo, safi kama limepitiwa na wembe. Hilo si ugonjwa wala njaa ya mbolea.

Huko Pwani banda halina kazi ya kutunza joto. Kazi yake ni kuzuia mvua na wadudu. Ondoa nailoni ya ubavuni kuanzia nusu mita kutoka ardhini hadi linapoanzia paa, uweke neti ya wadudu. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo acha mwanya wa sentimita 40 hivi kileleni, nao uwe na neti. Miezi ya jua kali tandaza juu neti kivuli inayozuia asilimia 30 ya jua. Ikizidi 50, mimea hurefuka tu bila kuzaa.

Ndani ya banda hakuna upepo wa kutikisa maua. Kati ya saa nne na saa sita mchana, gonga kila kamba iliyoshikilia mmea mara mbili tatu. Majani yakiwa mazito na yamejikunja, shina nene kuliko kidole gumba, basi urea imezidi, isimamishe.

Usiku wa joto nao huangusha maua, na huo hauondolewi na neti. Dawa yake ni kalenda: sia mbegu Aprili, hamisha miche Mei, maua yaangukie kipupwe, Juni hadi Agosti.

Swali: Nyanya zangu zinapata doa jeusi kitakoni zikiwa bado mbichi. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu bila nafuu. – Msomaji, Mbeya

Jibu: Acha kununua dawa hiyo. Tunda limekosa kalisiamu, na mara nyingi kalisiamu imo udongoni tele. Kilichokosekana ni maji ya kuifikisha. Inasafiri na maji kutoka mizizini, na majani hunyonya mengi kuliko tunda. Ukimwagilia sana leo ukaruka kesho, kitako cha tunda ndicho kinachoumia kwanza.

Mmea mkubwa unahitaji lita 1.5 hadi 2 kwa siku ya jua. Zigawe mara tatu: saa moja asubuhi, saa tano na saa tisa. Kisha, kama unamwagilia kwa mipira ya matone, ipime: weka kopo chini ya tundu la kwanza na jingine chini ya la mwisho, fungua maji kwa nusu saa. La mwisho likipungukiwa sana, safisha chujio, fungua ncha ya mpira maji yatoke kwa nguvu hadi yawe meupe. Pipa la maji linalolisha mipira likae walau mita moja juu ya ardhi. Tandaza nyasi kavu sentimita 5 kuzunguka mashina.

Punguza mbolea za urea na SA (salfeti ya amonia), maana amonia hushindana na kalisiamu mzizini. Tumia mbolea ya kalisiamu naitreti. Kuinyunyizia majanini kunasaidia kidogo sana, kwa sababu haihami kutoka jani kwenda kwenye tunda. Matunda yenye doa hayaponi. Yang'oe, mmea ulishe mapya.

Swali: Mimea inanyauka ghafla ikiwa ya kijani. Ni kiu? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Utelezi mweupe ukishuka kama uzi ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, nao hauna dawa ya kutibu. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, uchome, usiutie kwenye mboji. Hapo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya wala mnavu; ukitaka nyanya, panda kwenye mifuko ya lita 20 yenye udongo safi, isigusane na ardhi hiyo.