Bakuli la mzee wa kanisa

Wiki hii mmeuliza: "Mkristo wa kweli utamtambuaje?" Mimi ni wa Masasi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika kwetu mwaka 1876, kwa hiyo msalaba shingoni hautuambii kitu. Hata mwizi wa kuku anao. Nilikaa niwajibu kwamba atambuliwe kwa vipimo vyake, na Mithali 11:1 imeshamaliza: mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Mwaka mmoja baba alilazwa hospitali ya Ndanda, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Mama akaenda kwa mzee wa kanisa, yule msomaji wa somo la kwanza, mwenye sauti. Akapewa hela kwa kangomba. Wa huku mnaijua: unachukua leo, unalipa korosho msimu ukifika, tena kwa bakuli lake, si kwa mizani ya chama cha ushirika.

Oktoba akaja, jua limeshazama. Bakuli la plastiki la bluu, limepasuka ukingoni likashonwa kwa waya. Anamimina, anatikisa, anamimina tena, kisha anazungushia viganja ukingoni zirundikane kama kichuguu. Mama akasema, "Mzee, limejaa." Akajibu, "Bado linahema, mama." Mimi nilikuwa nahesabu kwa vijiti. Gunia la kwanza likaisha, la pili likaingia nusu. Korosho moja ikabingirika hadi nyuma ya kinu, akainama akaifuata. Moja! Na mnada wa korosho ulikuwa haujafunguliwa hata.

Jumapili akasoma somo. Watu wakaitikia, mimi nikanyamaza.

Nilitaka niishie hapo. Lakini baba alipofariki, ni huyo huyo aliyeshika jembe kaburini tangu alfajiri, akalala msibani siku zote tatu, na deni lililobaki hakulitaja tena. Na hela yake ndiyo iliyomfikisha baba hospitali. Waliokuwa wakilaani kangomba hawakutuchangia hata nauli. (Simtetei. Kangomba ni wizi.)

Halafu kuna langu. Msimu uliopita nilipeleka ghalani gunia, juu daraja la kwanza, chini nimechanganya na la pili. Likapita. Jumapili nikapokea komunyo kama kawaida.

Kwa hiyo sijui kama nimejibu swali lenu. Yule mzee nadhani alikuwa Mkristo, labda kasoro Oktoba. Ila kuhesabu sadaka nisingempa. Wala mimi msinipe, angalau mpaka msimu huu upite.

Msomaji, Masasi